Ushuhuda wa Pili

Aprili 2023, wiki zile miili ilipoanza kufukuliwa Shakahola, niliposti kitu Facebook. Kilikuwa kirefu, na kilianza na sentensi hii: "Mimi pia nilikuwa na Shakahola yangu." Kilisambazwa kuliko chochote nilichowahi kuandika, kabla ya hapo na hata baadaye. Watu nisiowajua waliniita shujaa. Mtu wa redio alinipigia simu akitaka kunihoji. Nilikuwa nimetoka katika kikundi kimoja cha maombi mwaka mmoja hivi uliotangulia, na huo ndio ukawa ushuhuda wangu wa kutoka.

Mwezi huu nimeusoma tena, mara nne, kalamu mkononi, vile ningesoma kitabu cha mtu mwingine nilichopewa nikihakiki. Si maandishi mazuri. Sentensi zenyewe zinatiririka, zingine bado nazipenda, na hapo ndipo penye shida: zinatiririka kwa sababu nilizifundishwa. Nilitoka kwenye kile kikundi na karibu kila kitu chao nikakiacha, isipokuwa namna ya kusimulia.

Nyumbani ni Jilore, ukitoka Malindi ukielekea bara, kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na mto Sabaki. Shakahola iko ndani zaidi, kwenye ardhi ya Chakama. Kwa watu wa Nairobi ilikuwa habari ya saa moja usiku. Kwetu mtu alikuwa anamjua mtu. Jirani wa hawe, nyanya yangu, alikuwa na mdogo wake aliyeingia kule na watoto wawili, na simu yake ikazimwa. Mjukuu wa jirani huyo akamsomea posti yangu. Mwezi wa sita, nilipokuwa nimerudi nyumbani, mama yule alikuja jioni, akakaa na hawe mkekani, wakaongea yao, kisha akanigeukia taratibu.

"Mwanangu, huko mlikuwa mkinyimwa chakula?"

"La, mama."

"Kuna mtu alikufa?"

"La."

"Sasa hii njaa uliyoandika ni njaa gani?"

Nilimwambia ni njaa ya kiroho. Hadi leo nikikumbuka jibu lile nasikia haya. Hakunikaripia. Alisema tu "Haya," kisha wakaendelea na habari ya mahindi, kama yatabeba ama hayatabeba. Alikuwa ameshatoa sampuli ya DNA Malindi na alikuwa anangoja kupigiwa.

Kwa mtu ambaye hakulelewa kwenye makanisa yetu ya vinanda na spika, wacha nieleze ushuhuda ni nini, maana ni fasihi kamili, ina kanuni zake kama utenzi. Unasimama, unasalimia katika jina la Bwana, unasema ulikuwa nani. Ulikuwa gizani. Kisha inakuja siku moja. Lazima iwe siku moja, ikiwezekana na saa. Kisha unasema uko nani sasa, na watu wanaitikia. Wasikilizaji wanajua utakapoishia kabla hujafungua mdomo, na raha yao iko hapo hapo. Giza likiwa dogo unaliongeza chumvi kidogo, kwa sababu mtu aliyekuwa na maisha ya kawaida hana wa kumpigia makofi. Nimewahi kumsikia kijana wa miaka 17 akitubu kwamba alikuwa mganga. Tulisoma naye darasa moja. Uganga wake mkubwa ulikuwa kunakili hesabu za wengine bila kukamatwa.

Sasa chukua posti yangu uiweke kando ya huo. Giza limekuwa kikundi, mwanga umekuwa nje ya kikundi. Shetani amekuwa kiongozi wetu. Siku moja ipo: niliandika kwamba nilitoka usiku mmoja, baada ya mahubiri fulani, "macho yangu yakafunguka". Hata maneno ya kufunguka macho sikuyabadilisha! Na waitikiaji wapo, ila sasa wanaitikia kwa vidole gumba na mioyo myekundu.

Nina daftari la miaka ile. Daftari halikuandikiwa mtu yeyote, kwa hiyo halina sababu ya kupendeza. Linasema nilianza kwa kukosa Jumatano, kwa sababu ya nauli. Kisha kukawa na ugomvi juu ya nani anapika na nani anaosha sufuria, na nikaona wale waliokuwa wakihubiri unyenyekevu hawaoshi. Nikaacha wiki tatu. Nikarudi. Nikaacha, nikarudi tena Pasaka, kwa sababu niliikosa kwaya. Hakuna ukurasa wenye macho kufunguka. Kuna ukurasa mmoja wenye orodha ya madeni.

Kwenye posti pia nimeandika, "Tangu mwanzo nilijua kuna kitu hakiko sawa." Daftari, juma la kwanza la kukaa nao: "Leo nimelala vizuri mara ya kwanza tangu nije chuo." Hivi viwili haviwezi kuwa kweli vyote. Kati yao ninaamini kile kilichoandikwa siku yenyewe. Kusema ulijua tangu mwanzo ni njia ya kujiokoa mwenyewe na aibu ya kudanganywa, na naelewa kwa nini mtu anaihitaji, lakini inakunyima kitu cha maana: hutajua kamwe ni nini kilikuvutia. Mimi kilichonivuta kilikuwa usingizi. Nilikuwa na upweke mbaya, mjini nisikojua mtu, na watu kama ishirini kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la M-Pesa walilijua jina langu na kuuliza kama nimekula.

Halafu ndiyo sentensi iliyosambazwa zaidi kuliko zote: "Walininyang'anya digrii yangu." Ni kweli kikundi kilifundisha kwamba elimu ya chuo ni karatasi ya dunia, na ya dunia yatapita. Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili nikiwa nao. Nilichoacha kusema ni kwamba nilikuwa nadaiwa ada ya muhula mzima kabla sijakutana na mtu yeyote wa kikundi, na somo la takwimu nilikuwa nimelifeli mara mbili. Nilikuwa naondoka. Wao walinipa neno takatifu la kuondokea. Hilo nalo ni kosa lao, kubwa tu, kwa sababu rafiki wa kawaida angeniambia nenda ofisi ya fedha ukaombe kulipa polepole. Lakini si kosa nililowaandikia. Miaka miwili nilitembea na hadithi ambamo sikuwahi kufeli mtihani.

Kiswahili kina mzaha wake hapa. Ushuhuda wa kanisani na ushahidi wa mahakamani vimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Shahidi ni aliyeona, na shahidi pia ni aliyekufa kwa ajili ya dini. Na shahada, ile nisiyokuwa nayo, ni ukoo huo huo: ni karatasi ya chuo na pia ni tamko la imani. Wote ni ndugu, lakini tabia hazilingani. Mtoa ushuhuda anaulizwa swali moja tu, kama Bwana ni mwema. Mtoa ushahidi anaulizwa ulikuwa umesimama wapi, palikuwa na taa, ulimwona kwa macho ama uliambiwa, na akisema "sijui" hakimu anaandika sijui na maisha yanaendelea. Kwa miezi niliyokaa kwenye kile kikundi sikumbuki kumsikia mtu mzima akisema sijui.

Si mimi peke yangu niliyeharibu kazi. Rudi usome magazeti ya mwaka ule. Paul Mackenzie kila mahali ni "mhubiri tata". Tata! Swali la hesabu linaweza kuwa tata. Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, pamoja na mashtaka ya kuua bila kukusudia na ya ugaidi, mashtaka aliyoyakana, anapewa kivumishi cha fumbo la nahau. Na wafuasi wake nao walipewa sauti mbili tu. Ama walikuwa wajinga, watu wa bara wasiosoma, ama walikuwa "wameoshwa akili" kwa "itikadi kali", yaani sabuni ilipita na hakukuwa na mtu ndani. Lakini habari zilizotoka zilionyesha watu waliouza vitu na kuacha kazi, na wengine walitoka mbali sana na Kilifi, hata waliosoma. Mjinga hahitaji mahubiri ya saa nyingi kwenye YouTube na kwenye Times TV ili akubali kitu. Yale mahubiri yalikuwa marefu kwa sababu wasikilizaji walikuwa wakifikiri, na fikra zao zilihitaji kupelekwa mahali hatua kwa hatua: kwanza shule, kisha hospitali, kisha Huduma Namba, na mwisho sahani.

Serikali nayo ilikuwa imemsoma. Alikamatwa 2017 kwa mafundisho ya kupinga shule, akakamatwa tena 2019 kwa kuipinga Huduma Namba. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, katika ripoti yake ya Machi 2024, ilisema vyombo vya usalama vilipewa taarifa na havikuchukua hatua. Na mwishoni mwa 2023, kabla kesi ya vifo haijaanza kusikizwa, mahakama ya Malindi ilimfunga miezi 12 kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni. Sheria ni sheria, sawa. Lakini ukitafuta mahali ambapo dola ilikaa chini ikahakiki kazi ya Mackenzie kama kazi, ni hapo, na iliuliza kibali kiko wapi.

Kilichonisumbua zaidi ni wale manusura. Juni 2023 watu 65 waliookolewa msituni walifikishwa mahakamani Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa sababu walikataa kula kwenye kituo walikopelekwa. Hilo nalo lilisimuliwa kwa ule mtindo. Waliokolewa, basi wangepaswa kuwa na macho yaliyofunguka, na kama hayakufunguka basi ni wahalifu. Hakukuwa na neno la mtu aliye katikati, aliyetolewa msituni kwa mwili na bado yuko kule kwa mengine yote. (Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Ilichukua muda, na haikuwa kwa ajili yao peke yao.) Mimi niliyetoka kwa miguu yangu, nikiwa nimeshiba, nilichukua mwaka mzima kuacha kusema "dunia" nikimaanisha wanadamu wengine wote.

Robert Jay Lifton, daktari wa akili Mmarekani, aliwahoji watu waliopitia magereza ya kubadilishwa fikra huko Uchina, na mwaka 1961 akatoa kitabu. Moja ya mambo aliyoyaona ni lugha iliyopakiwa mizigo: neno fupi linalofunga mjadala kabla haujaanza. Sisi tulikuwa nayo. Ukiuliza pesa za sadaka zinaenda wapi, "hiyo ni roho ya uasi". Ukichoka, "ni vita". Mtu akiondoka, "alikuwa kati yetu lakini hakuwa wetu." Nilidhani nimeyaacha. Kumbe niliyabadilisha tu. Baada ya kutoka, mtu yeyote aliyenishauri kitu alikuwa "anataka kunikontroli". Mama yangu alipouliza kama nimekula, alikuwa "sumu". Neno sumu lilifanya kazi ile ile ya roho ya uasi: likishatamkwa, hakuna cha kuongeza.

Na hapa niseme kitu ambacho kwenye posti yangu hakikuwepo kabisa, kwa sababu kingeharibu hadithi. Miezi mitano baada ya kutoka niliingia kwenye kundi la Telegram la foreksi. Kijana mmoja mwenye saa kubwa alituambia kila asubuhi kwamba mfumo hautaki ujue hili, kwamba wachache watafaulu, kwamba familia haitakuelewa, kwamba ukipoteza ni kwa sababu hukuamini mpango. Nilipoteza elfu kumi na nane za kuazima. Nilizisoma zile jumbe kwa furaha kabisa, kama mtu aliyerudi nyumbani. Nilikuwa nimemkataa mchungaji lakini sauti ile bado ilinipa usingizi. Wenzangu wawili waliotoka nao wana njia zao. Mmoja anaamini kila kanisa Kenya linaendeshwa kutoka ofisi moja, na ukimwonyesha kanisa la mabati lenye waumini tisa wanaogombania kinanda, anasema ndivyo wanavyojificha. Kila kitu ni ishara, kama zamani.

Ndiyo maana sina imani sana na makala zinazotushangilia sisi tuliotoka. Kutoka ni tendo la miguu. Kuna kitabu maarufu, When Prophecy Fails cha mwaka 1956, cha Leon Festinger na wenzake, juu ya kikundi cha Marekani kilichongoja gharika tarehe 21 Desemba 1954. Kila mtu anakitaja kuonyesha vile watu wanashikilia imani hata unabii ukianguka. Watafiti wenyewe walijipenyeza kundini wakijifanya waumini, na mimi hiyo inanitia shaka, kwa sababu ukiongeza waumini wa uongo kwenye chumba kidogo unaongeza joto la chumba. Ila kuna kitu humo ambacho watu hawakitaji sana: waliokuwa makwao usiku ule, peke yao, mbali na wenzao, wengi wao waliiacha ile imani. Hawakupata ushuhuda. Walilala, wakaamka, hakuna gharika.

Karibu nasi, Kanungu kusini-magharibi mwa Uganda, wafuasi wa lile kundi la Amri Kumi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliambiwa dunia itaisha mwishoni mwa 1999. Haikuisha. Kwa mujibu wa waliosimulia baadaye, baadhi yao walianza kudai mali waliyokuwa wameuza na kuikabidhi kwa viongozi. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na mamia ya watu ndani yake. Tukio lile husimuliwa kama habari ya moto, na sawa, moto ni mkubwa. Mimi nabaki na wale wadai. Hawakusema macho yamefunguka. Huenda bado waliamini nusu ya yote. Walitaka tu chao, na kudai chako ni kufikiri: mliahidi hiki, tarehe hii, nilitoa hiki, kiko wapi. Hakuna shujaa hapo, na hakuna wa kuitikia amina. Ni hesabu tu, na kwa kadiri ninavyoona ilikuwa ndiyo akili timamu iliyokuwa imebaki mahali pale.

Kwa hiyo nimejaribu kuandika upya posti yangu kama ushahidi. Ni kazi ngumu na haipendezi. Nimelitoa neno Shakahola, halikuwa langu. Nimeitoa njaa. Nimerudisha kwaya, kwa sababu ilikuwa nzuri kweli, sauti ya tatu hasa, na kusema ilikuwa nzuri hakumsafishi yule aliyeichangishia pesa. Nimeandika kiongozi wetu alifanya nini: alichukua simu zetu mwisho wa juma, alisoma jumbe zetu, alimwambia binti mmoja asiende mazishi ya baba yake. Niliona hayo matatu. Mengine niliyomwandikia mwanzoni niliyasikia, na baadhi niliyasikia baada ya kutoka, kwa watu waliokuwa na hasira kama mimi. Nimeyaondoa. Cha ajabu, yakishaondoka, yale matatu yanaonekana mabaya zaidi.

Toleo jipya linaanza hivi: "Nilikuwa nadaiwa ada." Nimeliposti. Limependwa na watu kumi na mmoja, na mmoja ni binamu yangu ambaye hupenda kila kitu.

Desemba nilikuwa Jilore. Kuanzia Machi 2024 miili ya kwanza iliyotambuliwa kwa DNA ilikuwa imeanza kukabidhiwa familia, michache kati ya zaidi ya 400 iliyofukuliwa. Yule mama alikuwa bado hajapigiwa. Na mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, huko huko Chakama, ikabidi wafukuaji warudi. Mjukuu wake alimsomea posti ya pili, pale pale mkekani, hawe akichambua mtsunga. Alisikiliza hadi mwisho bila kusema kitu.

"Na hiyo ada," akaniuliza, "ulimaliza kulipa?"

"Bado, mama."